Aliyeshuka Kwenye Shuka

Mchoraji wa mabango ya maduka alitandaza shuka sakafuni, akafungua kopo la rangi ya buluu na la kahawia, akaanza kumchora kaka yake. Kaka huyo, seremala, alichukuliwa na askari mbele ya ofisi ya mkuu wa mji, alipoketi kimya na waumini wenzake wa dhehebu la Marafiki kupinga nyumba za mtaa wa chini kubomolewa. Tangu hapo kila kituo cha polisi kilisema hakina mtu kama huyo.

"Wifi, masikio umempunja," alisema mke wa seremala.

"Nilikuwa namsitiri."

"Msitiri pengine. Hayo ndiyo yaliyonioa."

Masikio yakaongezwa.

Jumapili walilitundika shuka kwenye chumba cha ibada. Marafiki hawa hawana kwaya wala mahubiri. Huketi kimya, na anayesukumwa na Roho husimama akasema. Kimya kilipokolea, seremala alishuka ukutani, akavuta suruali magotini, akaketi karibu na mkewe. Bibi mmoja alisogea kumpisha. Baadaye seremala akasimama.

"Tuko wengi kule," alisema, akaketi.

Ibada huisha mzee wa ibada anapompa jirani yake mkono. Mikono ilipopeanwa, seremala alirudi kwenye shuka.

Kesho yake walilipeleka ofisini, wakakaa kimya mpaka akashuka. Mkuu wa mji, mtu mpole mwenye mafua, alimkaribisha kiti.

"Huyu hatunaye," alimwambia mke.

"Mimi hapa, mheshimiwa," alisema seremala.

"Wewe ni picha, ndugu yangu. Mimi nazungumzia mtu." Akapiga chafya, akaomba radhi.

Ikawa kila Jumapili anashuka, na kila Jumapili amekonda zaidi. Alieleza sura za wafungwa wenzake, kovu la huyu, pengo la yule, na dada yake akawachora kwenye mapazia waliyotoa majirani. Nao wakashuka. Mama zao wakaanza kuja, hata wasio Marafiki. Mabenchi yakajaa, watoto wakahamia kwenye mikeka.

Jumapili moja seremala alisinzia begani kwa mkewe. Muda wa kumaliza ulipofika, mzee wa ibada alitia mikono mfukoni. Jua likahama dirisha hadi dirisha. Matumbo yakanguruma. Mtoto mmoja aliuliza kama leo wanalala hapa, akapewa mkate anyamaze. Bega la mke lilikufa ganzi, hakulisogeza.

Seremala aliamka, akatazama nje, akaelewa.

"Mzee, toa mkono."

"Nasikia baridi."

"Kule amebaki mmoja, mgonjwa. Yuko peke yake."

"Nieleze sura yake," alisema dada, "nimchore sasa hivi."

"Wamemfunika uso. Hatujawahi kumwona."

Mkewe alimfunga kifungo cha kola, kisha akampa mkono yeye mwenyewe.

Asubuhi mkuu wa mji alitangaza redioni kwamba hakuna mtu aliyepotea, na kwamba ubomoaji ungemalizika wiki ile. Ulimalizika. Mawifi wawili walisikiliza tangazo mpaka mwisho, wakazima redio. Mchoraji akatandaza kitambaa kingine, akachora mtu aliyelala ubavu, amejikunja, uso akauacha mtupu.

Jumapili walimwachia nafasi kwenye benchi la karibu na mlango, apate hewa.