Raba kwa Miguu ya Mama

Mama alituachia nyumba ndogo hapa Otago, mkoa wa milima na kondoo, sufuria tatu, na miguu iliyopanuka mbele kama sepeto. Mimi yangu nimeikubali. Dada yangu Pare, aliyenizidi miaka sita, anasema ya kwake ni ya kawaida, na kwa miaka arobaini ameisokomeza ndani ya buti za ngozi ili kulithibitisha hilo.

Kila Pasaka tunapanda hadi kibanda cha mlimani, ambako Mama alichonga jina lake ukutani kwa kisu, juu ya kitanda cha dirishani. Mwaka jana hatukufika. Nilikuwa nimenunua buti zilizozidi urefu kwa namba mbili, nikidhani ukiongeza urefu upana unakuja wenyewe. Kisigino kikawa kinaelea, vidole vikawa vinagonga mbele kwenye kila mteremko, na tulipovuka mto wa pili nikakaa juu ya jiwe nikalia. Pare akanirudisha nyumbani bila kunisema. Angenisema ningepata nafuu.

Mwaka huu daktari amempangia kubadilishwa goti mwezi wa Juni, na amemwambia milima ndiyo basi.

"Hii ndiyo ya mwisho," Pare aliniambia kwenye simu. "Ukinikwamisha tena, Huia, nakuacha mtoni ukae na kondoo."

Basi nikafanya kile ninachokijua. Nimefanya kazi katika mabanda ya kunyolea kondoo miaka thelathini, na huko viatu tunajishonea wenyewe. Unasimama juu ya kitambaa kizito cha sufu, mwenzako anakuzungushia chaki mguuni, unakata, unashona. Havibani, na havitelezi kwenye mbao zenye mafuta ya manyoya. Nikauchora mguu wangu juu ya sufu hiyo jioni, baada ya kusimama kutwa, ukiwa umevimba vizuri. Nikakata kipande kile, nikakipeleka mjini Cromwell kwenye duka la Viliami, Mtonga wa visiwani ambaye miguu yake inafanya yangu ionekane ya mtoto mchanga.

Nikakiweka juu ya kaunta. Akakigeuza mara mbili.

"Mama, hii ni ramani ya kisiwa gani?"

"Cha kwetu. Nitafutie raba nyepesi itakayokitosha."

"Leo umeniletea kazi."

Akawa anafungua boksi, anachomoa soli ya ndani, na mimi nakiweka kipande changu juu yake. Kikimwagika pembeni, boksi linarudi. Yalirudi saba. La nane, sufu ikalala juu ya soli bila kuchungulia popote. Ilikuwa raba pana kwenye vidole na iliyoshika kisigino, ya kitambaa chenye matundu. Nikaibonyeza kwa kidole, sikuridhika.

"Hii itaingiza maji."

"Itaingiza, halafu itayatoa. Huko mnavuka mto mara ngapi?"

"Mara tano."

"Haya. Buti ya ngozi ikishakunywa maji asubuhi, mpaka jioni umebeba mto. Lakini usiniamini kwa maneno. Vaa, panda ubao ule wa mwinamo, kisha ushuke. Kidole kikigusa mbele, usinunue hata nikikubembeleza."

Hakikugusa.

Pare alipoziona asubuhi ya Ijumaa Kuu alicheka mpaka akashikilia lango.

"Unapanda mlima au unakwenda kununua maziwa?"

Yeye alikuwa amevaa zile buti zake nzuri, alizoziweka kabatini miaka minane akisubiri safari yenye heshima. Alikuwa amezipaka mafuta mpaka zinang'aa. Mwaka jana nilikuwa nimekula haki yangu ya kusema.

Mto wa kwanza tulivuka na viatu vyetu miguuni, kama tunavyovuka siku zote. Mto wa pili ulikuwa umejaa kidogo. Nilikuwa katikati ya maji, nikijitahidi kutolitazama jiwe langu ng'ambo, nikamsikia Pare akitukana nyuma yangu. Soli ya buti ya kushoto ilikuwa imebanduka yote ikaenda zake na maji. Tulipofika ukingoni, ya kulia nayo ilikuwa inaning'inia. Gundi huzeeka hata kabatini. Sote tunalijua hilo kuhusu buti za watu wengine.

Pare akakaa juu ya jiwe lilelile.

"Basi," akasema. "Turudi."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia hivyo hata siku tuliyomzika Mama, na iliniuma. Nikafungua begi nikatoa viatu vyangu vya sufu, nilivyobeba kwa ajili ya kushindia kibandani. Kisha nikavua raba.

"Vaa."

"Hazitanienea. Wewe miguu yako ni ya ajabu."

"Pare. Vaa."

Akavua mabaki ya buti, na soksi. Kidole chake kidogo kilikuwa kimelala juu ya mwenzake, na sugu zake sikuthubutu kuzihesabu. Akaingiza mguu, akafunga kamba, akakanyaga chini mara mbili.

"Vidole vinacheza," akasema, kama anayeshtaki.

"Ndivyo vinavyotakiwa."

"Miaka arobaini, Huia."

Akageuza uso. Nami nikajishughulisha sana na viatu vyangu, ili alie kwa raha zake.

Saa moja na nusu iliyobaki niliitembea kwa sufu iliyolowa, na hakuna jiwe ambalo halikunisalimu. Pare alikuwa mbele, na goti lake bovu, na mara mbili ilibidi nimwite anisubiri.

Kibandani viatu huvuliwa barazani, ndiyo sheria. Vyangu nikaviacha vichuruzike. Pare akaingia na raba mkononi.

"Sheria," nikamkumbusha.

"Nje kuna kea. Kasuku wale wanatafuna kila kitu."

"Na vyangu je?"

"Vyako havina cha kutafunwa."

Akazisukuma chini ya kitanda cha dirishani, akapitisha kidole juu ya jina la Mama, kisha akachukua daftari la wageni. Aliandika muda mrefu kuliko kawaida yake, akaenda kuchemsha chai. Nikalisogelea nikasoma.

"Pare na Huia. Tumefika. Miguu ya Mama, jozi mbili."