Bibi Muuza Vitunguu Yumo Kwenye Orodha

Saa kumi kasoro dakika tano, mchoraji alisogeza kibodi pembeni na kufuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa pindo la sweta, ili mama yake asichafuke wakati wa kutoka. Mama alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Saa kumi kamili mama huyo alitanguliza mguu wa kushoto nje ya kioo, akashika kingo zake, akateremka mezani, akachukua ufagio nyuma ya mlango na kuanza kufagia ofisi. Hakuwa mtu wa kukaa bure, na kufa hakukumbadilisha.

Kampuni ilitengeneza michezo ya kompyuta, na katika yote ni mmoja tu uliopendwa. Mchezaji anazurura katika mji uliofurika maji, akitafuta pa kutokea, na sokoni anakutana na bibi anayeuza vitunguu. Wakati wa kumtengeneza bibi huyo hapakuwa na fedha za kukodi mwigizaji, basi mchoraji akamleta mama yake, akauchora uso wake mkunjo kwa mkunjo. Fundi wa sauti akamketisha kwenye stoo ya karatasi, akatundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, na kurekodi sentensi sita. Bajeti ilitosha sita. Mama alisaini mkataba bila kuusoma, kwa kuwa aliyempa kalamu alikuwa binti yake.

Ndiyo maana sasa alikuwa na sentensi sita tu. Mtu akimwamkia shikamoo, alijibiwa, "Usichague kwa macho, gusa." Wote walikwisha kuzoea, wakawa wanainua miguu apitishe ufagio.

Mshahara haukuwa umetoka kwa miezi mitano. Bosi alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Kila Jumatatu aliwapiga danadana kwa sauti ya upole, kwamba mwekezaji yuko njiani, na wafanyakazi kumi na mmoja walimsikiliza wakitazama viatu vyao. Hasira ilikuwa imewaisha tangu mwezi wa tatu. Kiyoyozi kiliuzwa, na tundu lake ukutani likazibwa kwa bango la mchezo.

Jumatano moja mwekezaji akafika kweli, ila alikuwa mnunuzi. Alikuwa mama mmoja mpole, mwenye adabu zake, amefuatana na karani aliyebeba orodha. Wakahesabu viti, kompyuta na seva mbili. Saa kumi bibi akateremka. Karani alimtazama, akaandika: bibi muuza vitunguu, mmoja, pamoja na ufagio.

"Ufagio ni wa mwenye nyumba," bosi alisema.

Karani akakata ufagio.

"Huyo ni mama yangu," mchoraji alisema.

"Pole sana, dada," mnunuzi alimjibu, na pole ile ilitoka moyoni. "Lakini wachezaji wanampenda yeye. Asipokuwepo yeye, hatuchukui kitu."

Bosi akaleta karatasi. Vilivyotengenezwa saa za kazi vyote ni mali ya kampuni, ilisema, na mchoraji alitakiwa tu kusaini kwamba hatadai kitu baadaye. Akisaini, mauzo yanapita na watu wanalipwa. Mtoto wa fundi wa sauti alikuwa nyumbani wiki ya tatu kwa kukosa ada, na kila mtu pale alijua.

"Hatukulazimishi, dada yetu," fundi wa sauti alisema. "Sisi tupo tu."

Hilo ndilo lililomuuma. Afadhali wangemlazimisha, akapata wa kumlaumu.

Alimfuata mama yake, aliyekuwa ameinama mlangoni akizoa taka.

"Mama, nisaini?"

"Leo sina chenji," mama alisema.

"Wakikuchukua sijui kama nitakuona tena."

"Vitunguu ni vya leo asubuhi."

Mchoraji alisubiri mama amshike bega kama alivyozoea alipokuwa hai. Lakini mkono ule ulichorwa kupokea hela tu, na aliyeuchora ni yeye mwenyewe. Akarudi mezani, akasaini. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Mama alipanda gari la mnunuzi, kiti cha mbele, akafunga mkanda.

Ijumaa kila mtu alipata mshahara wa mwezi mmoja. Ile ya miezi minne iliyobaki ilimezwa na madeni ya bosi, ambaye aliwaandikia ujumbe mrefu wa shukrani.

Miezi mitatu baadaye mchoraji alikwenda kwenye ofisi za mnunuzi. Mlinzi wa getini alimpa fomu ya wageni. Mahali palipoandikwa uhusiano na mali, aliandika: mtoto. Mlinzi akasoma, akamrudishia kalamu.

"Hapo hawataki mambo ya ukoo, dada. Weka mnunuzi au mtengenezaji."

Alikata, akaandika mtengenezaji, akapewa dakika kumi.

Mchezo mpya ulikuwa na masoko arobaini. Ukumbini walikuwepo mabibi arobaini, kila mmoja amesimama kando ya kompyuta yake, wote wakiwa na uso wa mama yake, mkunjo kwa mkunjo. Waligeuka wakamtazama. Mchoraji alimwendea wa kwanza, akamsalimia, akamwangalia machoni, akahamia kwa wa pili. Alimtafuta yule aliyemzaa. Alikuwa amefika kwa wa kumi na saba mlinzi alipokuja kumwambia muda umekwisha.