Kipande Chekundu

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa takataka. Vipande vidogo vya karatasi ngumu, kila kimoja kama jino la mtoto, vilitapakaa chini ya meza ya wanafunzi wa uuguzi kila Jumatano jioni. Nilivifagia kwa wiki tatu kabla ya kujua kwamba kila kipande kilikuwa mtu.

Nilikuwa mfagiaji wa hospitali ile ya misheni. Shule niliiachia darasa la nne. Nilisoma polepole, midomo ikicheza, kwa hiyo nilisoma pale tu nilipokuwa peke yangu. Sista Salvina alipofundisha, mimi nilipiga deki barazani, na dirisha la darasa lilikuwa halina kioo.

Somo hilo aliliita utunzaji wa habari. Wagonjwa wa kifua walipita mia nne, na kila mmoja alikuwa na kadi yenye matundu kuzunguka kingo zake zote. Kila tundu lilikuwa na maana: hili sindano, hili vidonge, haya kumi na mawili miezi ya mwaka. Mgonjwa akija, mwanafunzi alichukua koleo, sawa na lile la kondakta wa treni, akalikata tundu la mwezi huo mpaka ukingoni. Mwisho wa mwezi kadi zote zilipangwa pamoja, spoki ya baiskeli ikapitishwa kwenye tundu la mwezi, zikainuliwa na kutikiswa. Kadi za waliokuja zilidondoka mezani. Za wasiokuja zilibaki zikining'inia.

"Walioanguka wako salama," Sista alisema, spoki ikiwa juu. "Kazi yenu ni hawa waliobaki. Nendeni mkawatafute."

Kulikuwa na tundu moja zaidi, pembeni kabisa, lililozungushiwa wino mwekundu. Hilo lilikatwa mgonjwa akitafutwa akakosekana. Kadi yake iliingia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na hakuna aliyemtafuta tena.

Vipande nilivyozoea kufagia vilikuwa vyeupe. Jumatano moja ya masika nikaona chekundu kwenye kizoleo.

Sijui kwa nini sikukitupa. Wanafunzi walipokwenda kula nilipanda kiti, nikafungua kopo. Kadi ilikuwa juu kabisa. Mageni Ngassa. Sindano, mwezi wa kwanza wa dawa. Makazi: Mwalugoye. Chini yake mwandiko wa Kalisti, mwanafunzi wa mwaka wa pili: *Nimefika. Hakuna watu.*

Ni kweli, Mwalugoye hapakuwa na watu. Miaka mitatu nyuma tulitolewa huko sote, nyumba zikabaki mahame, tukapelekwa kijiji kipya upande wa Segese, chenye nyumba zilizopangwa mistari kama mahindi. Najua kwa sababu nilikuwemo. Mageni alikuwa katika lori letu, amekaa juu ya gunia la mtama, amepakata chungu cha mama yangu kisivunjike.

Ilinipasa kwenda kwa Sista siku hiyohiyo. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikasikia anaongea na daktari, nikarudi. Kesho yake nilifika tena, nikafagia kizingiti chake mara mbili, nikarudi. Basi nikafanya jambo ambalo halikuhitaji mdomo. Nilipika uji mzito wa muhogo kwenye kikopo, nikabandika kipande chekundu mahali pake, nikakandamiza kwa jiwe mpaka kikakauka, nikairudisha kadi kati ya kadi za wengine. Nilidhani nimemwokoa.

Mwisho wa mwezi spoki ilipita. Kadi saba zikabaki zikining'inia, na ya Mageni ikiwamo. Sista aliishika, akaikuna ile pembe kwa ukucha. Unga ukadondoka.

"Kalisti, hii niliisaini mwenyewe kuwa amekosekana. Imerudije humu?"

"Sijui, Sista."

"Umeibandika?"

"Kwa nini niibandike? Nimepiga baiskeli maili kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Nimekuta miti ya minyaa na fisi."

"Fisi hakukuambia Mageni yuko wapi?" akadakia Coletha, mwanafunzi aliyekuwa na neno kwa kila mtu. Darasa likacheka.

Sista hakucheka. "Kadi ikidanganya, mtu anakufa. Aliyefanya hivi haingii wodini tena. Nauliza mara ya mwisho."

Kalisti alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu aliyelima. Barazani, maji ya deki yalikuwa yamenifika miguuni bila mimi kujua. Niliwaza kwamba Sista atamfukuza, kisha atalikata upya lile tundu jekundu, na safari hii hakutakuwa na uji wa muhogo.

"Yupo," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Vichwa vikageukia dirishani.

"Nani yupo?" Sista akauliza.

"Mageni."

"Paskazia!" Coletha alisema. "Kumbe una ulimi! Mwaka mzima nakusalimia kama nasalimia ukuta."

"Nyamaza, Coletha. Ingia ndani, mwanangu."

Niliingia na ufagio wangu. Niliongea nikiutazama. Nilisema habari za lori, za kijiji kipya, za uji. Niliposahau Kiswahili niliongea Kisukuma, na Kalisti akatafsiri, taratibu, bila kuongeza lake. Nilipomaliza Sista alimwambia Kalisti achukue baiskeli asubuhi.

"Na huyu?" Kalisti akauliza.

"Huyu ndiye ramani. Mpakie."

Tulimkuta Mageni kijiji kipya, amelala kivulini mwa ghala, watoto wawili wakimpungia nzi. Mumewe alikuwa machimboni Geita tangu kupanda, na hapakuwa na wa kumbeba. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo makubwa. Alinitambua kwanza mimi, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwana wa Apolonia."

Kalisti alichuchumaa. "Mama, shikamoo. Mbona uliandikisha Mwalugoye?"

"Marahaba. Niliulizwa kwetu ni wapi." Alikohoa, akapumzika. "Kwetu ni Mwalugoye. Baba yangu amezikwa pale. Hapa nimewekwa tu."

Kalisti aliisogeza baiskeli kivulini. Alimfunga Mageni kwa kanga kwenye kiti cha nyuma, akasukuma baiskeli njia nzima kwa miguu. Mimi nilifuata na watoto.

Sindano zilianza kuhesabiwa upya tangu siku ya kwanza. Mwezi wa pili Mageni alikuwa anawasonyea wanafunzi kwa kuchoma vibaya, na Coletha alisema hiyo ndiyo dalili ya kupona.

Sista alibadilisha kadi. Akaongeza mstari mmoja, akaniita darasani niwaeleze wanafunzi mimi mwenyewe. Nilisimama nimeshika ubao kwa nyuma.

"Muulizeni kwao ni wapi," nikasema. "Akishajibu, muulizeni jana alilala wapi. Andikeni yote mawili."

Waliandika. Nilisikia kalamu ishirini zikiandika maneno yangu. Kuanzia siku hiyo Sista alinipa koleo kila Jumatano, nami nikawa nafagia vipande nilivyokata mwenyewe.

Jioni ya siku niliyowafundisha, Sista aliniuliza swali moja. "Uliijua kadi ile tangu siku ya kwanza. Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Niliona aibu, Sista."

Aliona jibu limetosha, akaniacha. Halikuwa jibu lote.

Mwaka tuliohamishwa, mama yangu alikuwa na kikohozi hikihiki. Alikuwa ameanza dawa kwenye zahanati moja ya njiani, kisha miguu ikamkataa, akanituma nikaeleze alipo ili wamfuate na dawa. Nilifika. Nilisimama kwenye foleni. Muuguzi alisimama dirishani na daftari, akaita jina la mama, na mtu mmoja mbele yangu alikuwa ametoka kuchekwa kwa Kiswahili chake. Akaita mara ya pili. Nilifungua mdomo. Akaita mara ya tatu, akapiga mstari, akaita mwingine. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba wamesema watakuja. Alinisubirisha mlangoni kuwatazamia mpaka mtama ulipovunwa, na hapo akafa.

Yale maneno aliyonituma alinifundisha akiwa kitandani, na nilikwenda nikiyarudia njia nzima ili yasinipotee. Hayajanipotea. Apolonia Mabula. Yupo. Mstari wa pili, nyumba ya nne kutoka kisimani. Hawezi kutembea, lakini yupo.