Viganja vya Kijino

Kifuniko cha pasi kililia mara moja, kling, upande wa pili wa pazia. Nje bado giza. Bibi alifumbua macho akajua kwamba Fundi ameamka na anatia makaa, maana sare za shule zilikuwa zinangojewa asubuhi hiyo.

Fundi hakuwa mwanawe wala mkwewe. Alikuwa mwanamke aliyeolewa na mkwewe baada ya binti yake kufariki, na mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya cherehani. Mkwe mwenyewe alikuwa dereva wa lori, yuko safarini. Bibi alikuja jana jioni kumwona mjukuu wake, Kijino, akamkuta amelala mapema.

"Ana homa, mama," Fundi alimwambia. "Na chakula anakikataa."

Moyoni Bibi alisema, mtoto hakatai chakula, hukataa mkono unaompa.

Sasa alimpapasa mtoto kitandani. Mwili ulikuwa moto, na mto umelowa mate. Akaushika mkono mdogo aubusu, akaushtukia. Kiganja kilikuwa na vinundu vigumu kama punje chini ya ngozi. Akawasha tochi ya simu. Vilikuwa vilengelenge, katikati vya kijivu, kandokando vyekundu, kwenye kiganja na kwenye vidole. Mkono wa pili nao vilevile.

Bibi alipokuwa mdogo aliwahi kumwona mtoto wa jirani ambaye viganja vyake vilibandikwa kwenye kikaango kwa kosa la kulamba sukari. Hakusahau. Na hapa, nyuma ya pazia, alisikia pasi ikiburuzwa juu ya kitambaa.

"Kijino," alinong'ona, "nani kakuchoma? Mama?"

Mtoto alimtazama kwa macho ya homa. Akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa pasi?"

Akakubali tena.

Bibi hakukumbuka alivyolipita lile pazia. Alikumbuka tu kibao cha kwanza, jinsi kilivyolia kwenye shavu la Fundi, na cha pili, na kucha zake mwenyewe zikishuka shingoni mwa yule mwanamke na kuacha mistari.

"Mama! Nimefanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Mama yake aliye kaburini hawezi kuuliza, ndiyo maana ukathubutu!"

Fundi alirudi nyuma mpaka ukutani, ameinua mikono usoni. Hakurudisha hata pigo moja. Bibi alichukua simu akampigia mwanawe, mjomba wa Kijino, aliyekuwa na bucha mtaa wa nyuma. "Njoo," alimwambia. "Mwanamke kamchoma mtoto wa dada yako kwa pasi."

Mjomba hakubisha hodi. Mlango uling'oka bawaba, akaingia na aproni yake yenye damu ya ng'ombe. Akaomba aonyeshwe mikono ya mtoto, akaiona, uso ukambadilika. Teke lake la kwanza liliikuta cherehani ikaanguka. La pili lilimkuta Fundi mbavuni. Alipojikunja akamshika nywele akampigiza kichwa kwenye meza, sare za shule zikatapakaa damu.

"Sema ulimchoma kwa nini!"

"Sijamchoma! Anaumwa, nilikuwa nimpeleke zahanati kukipambazuka!"

"Anaumwa pasi?"

Kijino alilia kwa sauti isiyotoka vizuri, mdomo wazi, mate yakidondoka. Bibi akamkumbatia kifuani akamgeuza asione. Lakini yeye mwenyewe aliona. Aliona mwanawe akiikamata pasi kwa mpini, na kwa mkono mwingine akiukunjua mkono wa Fundi kidole kimoja kimoja, kama anayekunjua mkono wa maiti.

Fundi akamgeukia yeye, wala si yule mwanamume. "Mama, mwambie asifanye. Mama, mimi nashona kwa mkono huu."

Maneno ya Bibi yalitoka kabla hajayapima. "Mwache naye aonje."

Chuma kilitua. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, kama nyama ikigusa kikaango. Halafu ukaja ukelele, na ukelele huo ukapita ukuta.

Jirani aliyeitwa Mama Pacha aliingia na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akawamwagia wote bila kuchagua. Pasi ikafoka mvuke. Mjomba akajipangusa macho, na Mama Pacha akajipenyeza katikati, mfupi kama kinu na mgumu vilevile.

"Nipige na mimi!" alisema. "Nipige, mchinja ng'ombe we, maana leo umekosa ng'ombe! Toka!"

Akauchukua mkono wa Fundi akautumbukiza kwenye mtungi wa maji baridi, akaushikilia humo, huku akimfunika mabega kwa shuka lake mwenyewe. Hakuuliza nani mkosaji. Bibi aliliona hilo, na hata katika hasira yake likamchoma kidogo.

"Twende zahanati wote," Bibi alisema. "Tabibu aandike alichofanyiwa mtoto. Nikitoka hapo naondoka na mjukuu wangu, wala baba yake asinitafute." Nguo za Kijino alikwisha kuzitia kwenye mkoba.

Zahanati ilikuwa imefunguliwa sasa hivi, sakafu bado ina maji ya deki. Tabibu alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, kikombe cha chai mkononi. Alimwona Fundi, akakiweka kikombe. Aliutazama mkono, akaomba kitambaa safi, akamwambia Mama Pacha, "Vizuri sana ulivyotia maji. Wengi hupaka dawa ya meno." Akaufunga taratibu, akisema "pole, dada" kila Fundi aliposhtuka.

"Sasa mtoto," Bibi alisema. "Huyo mtoto ndiye aliyetuleta. Kachomwa viganja."

Tabibu alimketisha Kijino mezani. Hakuanza na viganja. Alimvua viatu, akageuza nyayo, na nyayo nazo zilikuwa na vilengelenge. Akatazama magoti, akatazama makalio. Kulikuwa na vipele vidogo vimetawanyika.

"Mama, pasi ilipita na huku?"

Bibi aliinama kuzitazama zile nyayo.

"Kijino, hebu nitolee ulimi kama mbuzi aliyeona majani." Mtoto alijaribu. Tabibu akamulika tochi, akamwita Bibi asogee. Kwenye ulimi, ndani ya mashavu na nyuma karibu na koo kulikuwa na vidonda vya mviringo. Midomo ilikuwa mizima kabisa. "Moto hauingii ndani ukaruka midomo," alisema. "Homa ilianza lini?"

"Juzi," Fundi alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Jana akaanza kukataa chakula. Vipele vya mikononi niliviona usiku nikimlaza. Nilikuwa nimlete asubuhi."

"Surua ingekuja na kikohozi na macho mekundu, na vipele vingeanzia usoni," tabibu alisema. "Tetekuwanga hupenda kifua na mgongo, na mtoto hujikuna kama ana chawa. Huyu vimechagua mikono, miguu na kinywa. Ni ugonjwa wa virusi, watoto huambukizana wakicheza. Kuna mwingine mtaani mwenye hivi?"

Mama Pacha akajishika kichwa. "Mungu wangu! Wangu wote wawili! Nikasema ni joto, nikawapaka poda!"

"Walete niwaone."

"Lakini amesema mwenyewe!" Mjomba, aliyekuwa amewafuata, alifoka kutoka mlangoni. "Kaulizwa, kakubali!"

Tabibu aliinama usawa wa mtoto. "Kijino, nani kakuchoma? Ni mimi?"

Kijino akatikisa kichwa kukubali.

"Ni huyu jogoo aliyechorwa ukutani?"

Akakubali tena, macho yakifumba kwa usingizi.

"Kinywa kinamuuma, hataki kusema. Anakubali ili mumwache." Tabibu aliuchukua mkono wa mtoto akaulaza kando ya mkono wa Fundi, akalegeza kitambaa kidogo. Huku punje zimetengana, ngozi kati yake nzima. Kule jeraha moja pana lenye ncha, umbo la pasi. "Huyu mtoto hajachomwa na mtu. Aliyechomwa humu chumbani ni mmoja. Nani kamchoma?"

Bibi alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu, aproni ya mwanawe ikiyoyomea barabarani.

Tabibu aliwapa dawa ya homa. Virusi vyenyewe havina dawa, alisema, vitakwisha vyenyewe, lakini mtoto anywe vitu vya baridi kidogo kidogo, na akikataa kabisa kunywa au akikosa mkojo arudishwe mbio.

Mchana Bibi alikaa kwenye kigoda nyumbani kwa Fundi, akimnywesha Kijino maziwa ya baridi kwa kijiko. Mtoto alimeza, akakunja uso, akafungua mdomo tena. Cherehani ilikuwa bado imelala ubavu. Fundi alijaribu kuiinua kwa mkono mmoja, na Bibi akaweka kijiko chini akaenda upande wa pili, wakaiinua pamoja bila kutazamana.

Kisha Bibi akaufungua mkoba, akazitoa nguo za mtoto, akazirudisha moja moja kabatini.

"Nitakwenda polisi," Fundi alisema nyuma yake. "Usinisihi, mama. Nikinyamaza, kesho atamchoma mwingine."

Bibi alilifunga kabati. Alikuwa na watoto wawili, mmoja yuko chini ya udongo. "Sikusihi," alisema. "Nitakwenda na wewe. Nitasema alichofanya. Na nitasema nilichosema mimi."

"Ni mwanao."

"Ndiyo. Na ulimi ni wangu."

Fundi akaketi kitandani kando ya mtoto, mkono wake uliofungwa ameuinua kama mtu anayeapa. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Hakusema amesamehe, na Bibi hakuuliza. Jua lilipolegea Bibi akajifunga shuka lake, akachukua mkoba mtupu, akafika kwenye mlango uliokosa bawaba.

"Mama."

Akasimama.

"Mjomba wake asikanyage hapa. Lakini wewe njoo tena. Hata kesho. Siwezi kumwogesha kwa mkono mmoja."