Kete Mkononi mwa Siwema

Harusi ya binti wa Mwanamvua ilikuwa Ijumaa. Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, shoga zake watatu walifika kwake Kisarawe kumsaidia kuchambua mchele. Wote wanne walikuwa wamechezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja, Mwingereza akiwa bado mgeni nchini, na sasa walikuwa wanakaribia arobaini.

Mchele ulikuwa na mawe mengi. Walipochoka, Swaumu alichukua kete moja ya bao la mume wa Mwanamvua, akasema wacheze mchezo wao wa zamani. Walinyoosha miguu, wakajifunika kanga magotini, na kete ikawa inapita chini ya kanga kutoka mkono hadi mkono. Mmoja alibahatisha iko wapi. Aliyekamatwa nayo alitoa jambo la ndani ambalo hajawahi kumwambia mtu, na lilitakiwa libaki pale pale mkekani.

Swaumu alikamatwa kwanza. Alieleza jinsi mumewe anavyomwogopa kitandani tangu alipomcheka mara moja. Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Mwanaamina naye akakiri kwamba ile hirizi aliyoinunua ili mumewe asioe mke wa pili aliivaa mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na macho ya nje.

Kisha kete ikakutwa kwa Siwema.

Mume wa Siwema, Mwinyimadi, alianguka kutoka juu ya mnazi miaka minne iliyopita, na tangu hapo miguu yake haina uhai. Siwema ndiye anayemgeuza, anayemwogesha na kumbadilishia shuka, kisha anakwenda kulima peke yake. Wenzake walitarajia atasema kitu kidogo cha kuchekesha. Yeye akasema taratibu, "Mwezi uliopita niliamka alfajiri nikaona hapumui. Sikumwita mtu. Nilikwenda jikoni nikakaa, nikasikia mwili wote umepumzika. Halafu akakohoa, akaniita. Nikalia. Sikulia kwa furaha."

Hakuna aliyecheka. Mwanamvua alirudisha kete kwenye bao, wakaendelea kutoa mawe mpaka ungo wa mwisho.

Lakini jambo lile halikubaki mkekani. Mwanaamina alimwambia mumewe, na mumewe, ambaye huwa anakwenda kumtazama mgonjwa, hakuweza kulizuia, akamwambia Mwinyimadi. Siku nne baada ya harusi Siwema alirudi kutoka shamba, akamkuta Mwinyimadi ameelekeza uso ukutani. Alijua mara moja. Aliweka jembe, akakaa kizingitini, akangoja atukanwe.

"Mke wangu," Mwinyimadi alisema, "siku ile nilikuwa macho. Nilikuwa nimebana pumzi."

Siwema alimuuliza kwa nini.

"Nilitaka kujaribu kama naweza kukuondolea mzigo huu. Nikakusikia unakwenda jikoni, nikasema haya, amekubali. Kikohozi kikanishinda."

Miguu ilimuuma Siwema kwa palizi, na alichotaka zaidi ya chochote kilikuwa kulala. Alijikuta anamweleza hivyo hivyo: kwamba hamchukii, kwamba amechoka tu, hata kusikitika amechoka. Mwinyimadi alisema anajua, kwa sababu hata yeye amechoka kushukuru kila siku.

Asubuhi Mwinyimadi aliagiza Mwanamvua aitwe. Alimwomba yeye na Swaumu wapokezane kumwangalia, ili mkewe aende kupumzika kwa dada yake, kijiji cha Mkuza. Haya ilimshika kusema, maana walikuwa wake za watu na yeye mwanamume wa kuogeshwa, lakini alisema. Mwanamvua akajibu kwamba kumwogesha atamleta kaka yake mwenyewe, Mwinjuma, na chakula watapika wao. Mwanaamina hakuitwa. Alipeleka kikapu cha mihogo kwa Siwema, na Siwema alikipokea bila kumkaribisha ndani.

Kwa dada yake Siwema alilala siku mbili mfululizo, akiamshwa kula tu. Siku ya tatu aliamka akadhani ameitwa, akasimama katikati ya chumba kigeni akisikiliza. Alikaa siku tisa. Dada yake alimwambia akipenda asirudi, hakuna atakayemlaumu. Siwema alifikiri jambo hilo kwa dhati, huku akisuka nywele za mpwa wake, na hakupata jibu la kumtosheleza.

Siku ya kumi alirudi. Mwinyimadi alikuwa amenyolewa ndevu na Mwinjuma, akaonekana mdogo. Alimuuliza habari za Mkuza. Siwema alisema ni nzuri, akatafuta ndoo, akaenda kisimani.