Tuta la Constantin

Mfumu Kasonde, mkuu wa ukoo, alifika shambani amevaa kofia mpya ya Kizungu iliyomshukia hadi masikioni. Chileshe alipoiona alijua imetoka kwa nani, akasonya.

Goti la Chileshe lilikuwa limekwisha. Hakuweza tena kulima shamba lake la Luano. Kwa desturi, mtu hamwachii mwenzake shamba moja kwa moja. Hurudisha jembe mkononi mwa mfumu, na mfumu humpa amtakaye katika ukoo. Huyo hulima tuta moja palepale mbele ya wazee, na mkono uliolima ndio wenye shamba. Chileshe alitaka liende kwa Mwansa, mtoto wa mdogo wake, aliyelima naye miaka tisa. Lakini Constantin, kaka yake Mwansa, naye alilitaka, ili makarani wenzake wa Élisabethville wamwite mwenye shamba. Huyo, ambaye hata kisamvu hajui kinachumwa wapi! Alikuja na suti nyeupe, viatu vyeupe, na karatasi ya kumiliki shamba aliyojiandikia mwenyewe.

"Mama mukubwa, mambo ya majembe ni ya bashenzi," alisema. "Miye niko na papier."

"Papier yako inaotesha mihogo?"

Wazee wakacheka.

Chileshe akatoa jembe. Kasonde akalipokea, akainua kofia apate kuona, akampa Constantin. Mwansa akainamisha kichwa. Miaka tisa, kwa kofia moja!

"Lima tuta," akasema Nkandu, mkubwa wa wazee.

Mvua ilikuwa imenyesha. Constantin akatazama tope, akatazama viatu vyake.

"Weye Mwansa! Kamata jembe, unilimie."

Chileshe akaziba mdomo kwa kitenge, kicheko kisitoke mapema. Mwansa akalima. Tuta likasimama, nono kama mgongo wa ng'ombe.

"Bwana karani," Nkandu akasema, "mukono wa nani umelima?"

"Wake, lakini ni miye nilimutuma!"

"Ndiyo. Ulimutuma kuchukua shamba."

Kasonde akafungua kinywa. Wazee wote wakaitazama kofia yake, wala si uso. Akakifunga.

"Shamba iko ya Mwansa," akanong'ona.

Constantin akanyoosha karatasi yake, hakuna aliyeipokea.

"Pole, baba," Chileshe akamwambia, akimpa jani la muhogo. "Pangusa kiatu. Tope limekufuata hata bila kulima."