Dakika Nne Ukutani

Picha ya baba yake ilijaa ukuta mzima, na darasa likaangua kicheko.

Kilichowachekesha ni mdomo. Mpigapicha alimnasa katikati ya neno, kinywa wazi, boksi la dawa mkononi, na juu yake herufi nyekundu: MWIZI WA DAWA ANASWA. Aliyekuwa akiwasilisha, kijana wa suti ambaye wenzake walimbandika jina la Wakili, alikuwa amelifunika jina la mtu huyo kwa utepe mweusi, kama somo la sheria ya habari lilivyowafundisha, na kwa hilo akajiona kamaliza kazi. Uso aliuacha.

Msichana mwenye zamu iliyofuata alikuwa binti wa mtu huyo. Tangu asubuhi alikuwa amekaa karibu na mlango, akikunja na kukunjua karatasi zake kuhusu hakimiliki, mada aliyoichagua makusudi kwa kuwa haikumgusa mtu. Miaka tisa nyumbani kwao habari ile haikujadiliwa. Baba yake, mfamasia wa hospitali, aliacha kazi, kisha akaacha hata kwenda dukani mchana. "Yaache yaishe, mwanangu," ndilo lilikuwa jibu lake kila alipoulizwa. Hayakuisha. Haya hapa, yamefika darasani.

"Kwa hiyo gazeti lilitimiza wajibu wake kwa umma," Wakili alihitimisha. Makofi.

"Kuna swali?" Mwalimu alitazama saa yake. "Hakuna. Anayefuata."

Msichana alisimama. Angeweza kusoma karatasi zake, achukue alama zake, arudi nyumbani na kusema imekwenda vizuri. Hasira ikamkataza. Akaunganisha simu yake na projekta, akatafuta picha aliyoipiga kwa siri siku baba aliposahau pochi mezani: kipande cha gazeti kilichochakaa kilichokuwa ndani yake, mistari miwili kutoka ukurasa wa kumi na saba.

*Mtu aliyeonekana katika picha yetu ya Jumanne hakuhusika na wizi wa dawa. Tunaomba radhi.*

"Mbona hukuniambia umebadili mada?" mwalimu aliuliza.

"Samahani, mwalimu. Mada yangu sasa ni haki ya kusahihishiwa." Alionyesha ukutani. "Picha ya mwenzangu imekaa hapo dakika nne. Na mimi naomba dakika nne."

"Na maelezo yako?"

"Ndiyo hayo."

Dakika ya kwanza watu walikohoa, viti vikalia. Ya pili mtu alichekacheka, akajikuta yuko peke yake, akakoma.

"Dada, mi sikujua kama walisahihisha," Wakili alisema.

"Hukutafuta."

Dakika ya tatu ilipokwisha, simu ikatetemeka. Juu ya mistari ile miwili ukutani ukajitokeza ujumbe, herufi kubwa za kusomwa na wote:

*Baba: Mwanangu, zamu yako imefika? Usiogope watu.*

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alivua saa yake, akaitia mfukoni. Mkono wa msichana ulikwenda kwenye simu ili aufute ujumbe, ukasita, ukarudi ubavuni. Ilikuwa imebaki dakika moja.